Majina mawili mwishoni mwa mchezo
Juzi mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 14, alinionyesha kwa furaha mchezo wa kompyuta aliounakili kutoka kwenye flashi ya rafiki yake, na nilipomuuliza kama ameulipia akanijibu, "Kaka, hizi kampuni zina pesa nyingi." Nikamwomba afungue orodha ya watengenezaji. Yalikuwamo majina mawili tu: mmoja aliandika programu na kuchora, mwingine alitunga muziki. Alinyamaza, akayasoma tena.

Nikamsimulia kuhusu Game Dev Tycoon, mchezo wa kuendesha kampuni inayotengeneza michezo. Mwezi Aprili 2013 ndugu wawili waliouunda walisambaza wenyewe mtandaoni, kana kwamba imeibwa, nakala iliyorekebishwa, ambamo kampuni ya mchezaji hufilisika kwa sababu ya wizi wa michezo. Baada ya siku moja walihesabu watumiaji 3,104 wa nakala hiyo dhidi ya 214 walionunua, na baadhi ya hao wa kwanza waliandika kulalamika kwamba wizi unawamaliza.

Sikumgombeza, kwa kuwa kijana asiye na kipato wala kadi ya benki hana njia nyingi, na nami katika umri wake nilinakili bila kuwaza. Hata hivyo, siamini kwamba kukosa pesa kunatupa haki juu ya jasho la mtu anayefanya kazi peke yake. Tulitafuta pamoja michezo ambayo watengenezaji wenyewe huitoa bure kwenye tovuti ya michezo ya itch.io, na ule aliounakili ameufuta, akisubiri ushuke bei.