Vipande vya Rangi ya Waridi

Kwa takriban mwaka mzima nilikuwa nikila saladi katika mkahawa mmoja, na kwa hakika kilichonipeleka pale kilikuwa sosi yake. Ilikuwa nzito kiasi cha kuyashika majani bila kuyalaza, yenye ukali wa siki uliotulia na utamu wa asali kwa mbali, na ndani yake mlikuwa na vipande vidogo mno vya rangi ya waridi ambavyo sikuweza kuvitambua. Nilipomwuliza mhudumu imetengenezwa kwa vitu gani, alinitajia bila kusita: mafuta ya zeituni, siki, haradali, asali, kitunguu na chumvi.

Jioni ileile nilivitia vyote sita katika bakuli, nikavipiga kwa uma hadi mkono ukachoka, na kabla hatujaketi kula mafuta yalikuwa yamekwisha kujitenga na kupanda juu. Hilo nililirekebisha upesi, kwani nilisoma kwamba kipimo cha kawaida ni sehemu 3 za mafuta kwa sehemu 1 ya siki, na kwamba haradali ndiyo inayoyazuia matone ya mafuta yasirudi kuungana, mradi mafuta yamiminwe kidogo kidogo, mwanzoni tone kwa tone, huku mtu akipiga bila kupumzika. Jioni ya pili sosi ilishikana vizuri. Ladha, hata hivyo, haikuwa yenyewe: kitunguu kiliwasha ulimi, chembe za chumvi zilisagika menoni, na vile vipande vya waridi havikuonekana. Nikaamini kwamba mhudumu alinificha kitu, dhana ambayo hadi leo naiona kuwa dhuluma kwake. Nilijaribu pilipili hoho nyekundu, kisha figili, kisha maganda ya tofaa, na kila mara mdogo wangu, mwonjaji wangu mwaminifu, alisema, "Kaka, ni tamu, lakini siyo ile."

Nilirudi mkahawani nikaomba kuonana na mpishi. Alitoka mama wa makamo, akijifuta mikono kwa aproni, akanisikiliza hadi nikamaliza maelezo yangu yote, ambayo hayakuwa mafupi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kitunguu unakitia lini?" Nikamjibu kwamba nakitia mwisho, baada ya mafuta. "Ukishakipaka mafuta, siki itakipatia wapi?" akasema. "Na chumvi je? Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta." Aliponiaga aliongeza kwamba nisionje kwa kijiko bali kwa jani, kwa sababu sosi iliyokolea vizuri kijikoni huwa imepooza ikifika kwenye majani.

Usiku huo nilikikata kitunguu chekundu vipande vidogo kuliko punje za mchele, nikavitia katika siki pamoja na chumvi, nikakaa kando ya bakuli kwa dakika 15. Sikuwahi kukitazama kitunguu kwa makini namna ile. Zambarau ya kingo za vipande ilianza kuvuja taratibu, siki ikapata wekundu hafifu, na zile sehemu nyeupe zikainywa rangi hiyo hadi bakuli zima likawa la waridi. Nikaokota kipande kimoja nikakitafuna: ule mwasho ulikuwa umeondoka, ukabaki utamu wenye uchachu. Muda wote ule niliokuwa nikisaka kiungo cha siri, kilikuwa mkononi mwangu. Nikakoroga haradali na asali, nikaanza kudondosha mafuta.

Nilichovya jani moja nikampa mdogo wangu bila kusema neno. Alitafuna polepole, akachukua jani la pili, kisha akalivuta bakuli upande wake wa meza.