Kwenda Tan Hill, baa ya juu kuliko zote Uingereza

Kutoka kijiji cha Keld, kaskazini mwa Yorkshire, nilishika njia ya miguu ya Pennine Way na kupanda kilomita 6 na ushei. Ukungu ukishuka, usiiache njia: pembeni kuna mashimo ya kale ya makaa ya mawe, na nyasi huficha kingo zake.

Mashimo hayo ndiyo yaliyoipatia Tan Hill wateja. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 17, mita 528 juu ya usawa wa bahari, na wachimbaji waliishi kuizunguka. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1929, nyumba zao zikabomolewa, baa ikabaki peke yake mlimani. Iliponea kwa wafugaji waliokuja kuuziana kondoo, na kwa Susan Peacock, aliyeiendesha tangu 1902 hadi alipofariki 1937. Wenye baa wamekuwa wengi, lakini namweka yeye mbele: wateja walipohama, yeye hakufunga mlango.

Mlima huu haumsamehe mwenye baa asiyejiwekea akiba. Novemba 2021 dhoruba Arwen iliziba barabara kwa theluji, watu 61 wakalala humo siku tatu mfululizo. Chakula, kuni na mablanketi lazima viwepo kabla ya mawingu.

Kisha kuna bia yenyewe. Ile ya jadi ya Kiingereza huendelea kuchachuka ndani ya pipa, kwa kawaida la lita 41. Pipa hulazwa ubavu chumba cha chini, nyuzi 11 hadi 13, na halisogezwi tena, la sivyo machicha hutibuka na bia huwa na ukungu. Juu yake hupigwa kigingi cha mti laini kinachopitisha gesi. Povu likitulia, huwekwa kigumu ili gesi iliyobaki isitoroke. Ukikichelewesha, bia hupooza. Pipa likishaanza kutolewa bia, hewa huingia, na baada ya siku tatu hivi ladha huelekea siki. Ndiyo maana baa yenye wageni wachache haifungui mapipa mengi kwa mpigo.

Anayeendelea kaskazini atakutana na tope la Sleightholme Moor. Mvua ikiwa imenyesha, heri ashuke kwa barabara ya Arkengarthdale, kisha akate kushoto kwenye njia ya changarawe.