Kumsindikiza mgeni

Kwetu Mikindani mgeni haagwi kwa mdomo mtupu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia mtu anaaga tu, humwita mjukuu aliye karibu: "Vaa viatu, mfikishe mwenzio barabarani." Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ilikuwa adabu ya watu wa pwani na basi, mpaka nilipoanza kusoma maandiko ya Kiyahudi nikakuta jambo hilohilo limetajwa pamoja na damu.

Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inaeleza juu ya maiti aliyeokotwa shambani, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi hupima umbali hadi miji ya jirani. Kisha wazee wa mji ulio karibu zaidi humshusha mtamba ambaye hajafanyishwa kazi hadi bonde lisilolimwa, humvunja shingo, hunawa mikono, na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu hiyo. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, inauliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kwani nani aliwashuku wazee? Nayo hujibu kwamba maana ya tamko lao ni kuwa mtu huyo hakufika kwetu tukamwacha aende na njaa, wala hatukumwona tukamwacha aondoke bila wa kumsindikiza.

Kwa hiyo lawama ambayo mzee hana budi kujisafisha nayo si ya kisu alichoshika mwingine, bali ni ya sahani ya chakula na hatua chache za njiani. Maimonides, mwanazuoni wa sheria za Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliandika waziwazi kwamba asiyemsindikiza mgeni ni kana kwamba amemwaga damu. Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, hata inataja umbali: mwalimu humsindikiza mwanafunzi hadi viungani mwa mji, na mtu humsindikiza mwenzake hadi mpaka wa Sabato, yaani mwisho wa mwendo unaoruhusiwa nje ya mji siku hiyo ya mapumziko, dhiraa 2000, takriban kilometa moja. (Bibi hakupima, yeye alitaka uone mgongo wa mgeni ukipanda gari.)

Talmudi hiyohiyo inasema kwamba Waisraeli wote ni "arevim", kila mmoja kwa mwenzake. Wengi hulifasiri neno hilo kuwa ni kuwajibika, tafsiri ambayo naiona baridi mno, kwa sababu "arev" ni mdhamini, kama yule anayetia sahihi kwenye mkopo wa kikoba: mkopaji akitoweka, mlango unaogongwa ni wake. Ndivyo Yuda alivyojiweka dhamana ya Benyamini mbele ya baba yao. Kauli hiyo imewahusu Waisraeli wao kwa wao, nakubali. Lakini maiti wa shambani andiko halimtaji jina wala ukoo.

Msimu wa korosho uliopita, kibarua mmoja alipita barazani kwangu magharibi akaomba maji, kisha akauliza njia ya mkato ya kurudi kambini kwao. Nilimpa maji. Njia nilimwonyesha kwa mkono, kwa kuwa redio ilikuwa inatangaza mpira na dakika zilikuwa za mwisho. Usiku huo alitumbukia katika mtaro usio na mfuniko, akakaa humo hadi alfajiri.

Baada ya siku nne alipita tena, kifundo cha mguu kimefungwa kipande cha khanga. Hakunilaumu, aliomba maji tu. Alipomaliza kunywa, nilikuwa nimeshavaa viatu.