Triga mpya iliyokataa kutulia

Jumamosi niliingia gereji, hapa Ohio, kubadilisha triga (kifyatulio) ya bunduki yangu ya umeme ya peintiboli, ule mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi. Nilijiambia dakika kumi: toa pini, weka triga ya alumini, funga. Ikanila hadi saa sita usiku.

Mtungi wa hewa nilishautoa kabla ya kugusa chochote. Triga mpya ilipokaa nikaurudisha, bila vidonge, nikazima macho ya bunduki, yaani vihisi vinavyoangalia kama kidonge kimeingia, ili ikubali kupiga tupu. Bonyezo moja, milio mitatu! Nikailaumu bodi ya umeme iliyo ndani, nikabadili betri ya volti 9. Wapi.

Kumbe mkosaji ni mimi. Kwa tamaa ya triga nyepesi nilikaza mno skrubu ya mbele, ile inayoweka kikomo cha triga kurudi mbele, triga ikawa haiachii swichi sawasawa. Mtikisiko mdogo tu inajibonyeza. Nikailegeza robo mzunguko, nikatega sikio: tik wakati wa kubonyeza, tik wakati wa kuachia. Zote mbili lazima zisikike. Kisha nikaisogeza sumaku karibu, irudishe triga kwa nguvu zaidi.

Dibaunsi, yaani ule muda bodi inaopuuza mitetemo ya swichi, niliipandisha kidogo tu. Sasa bonyezo moja, mlio mmoja. Pini moja ya zamani bado naitafuta sakafuni.