Kilomita kumi kwa spidi ya mchakamchaka

Yaani mwezi wa tatu mwaka jana nilikimbiza daladala pale Sinza Mori, mita kama hamsini tu, nikaipata, alafu konda akaniuliza dada unashukia wapi nikashindwa kumjibu. Sauti haitoki. Nikanyoosha kidole mbele kama bubu na abiria wakacheka, mimi mwenyewe nikacheka kwa shida, ila nilivyofika nyumbani haikunichekesha tena maana nina miaka 36 na sio bibi.

Jumamosi yake nikaenda soko la Karume nikachambua mitumba mpaka nikapata raba za Asics, soli bado nzima, 35,000 baada ya kubishana sana. Jumatatu saa 11 na nusu alfajiri niko barabarani. Mpango wangu ulikuwa wa nguzo za umeme, nakimbia nguzo mbili natembea moja, rahisi kabisa. Sasa kosa langu, na nadhani wengi tunalifanya, mimi nikisikia neno kukimbia akili inaniambia KIMBIA, kwa hiyo nilichomoka kama nimeona nyoka, nguzo ya pili kifua kinawaka, mdomoni nasikia ladha ya damu, na vijana wa bodaboda kijiweni wananiuliza "dada, mwizi kapita upande gani tukusaidie?"

Nikaenda hivyo wiki tatu. Kila siku nguzo mbili, kila siku nafika nimekufa. Alafu ugoko ukaanza kuuma, wa kulia, ule uchungu wa mfupa kabisa sio wa msuli, nikishuka ngazi nashika ukuta. Nikakaa nyumbani wiki mbili. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba pumzi inazoea mapema kuliko mifupa, unajiona umeshapata nguvu unaongeza mbio kumbe miguu yenyewe bado haijajengeka, na dawa yake ni kupunguza tu hakuna ujanja mwingine.

Niliporudi nikakutana na wale watu wa jogingi wa mtaani, si mnawajua, Jumamosi asubuhi tisheti za sare, filimbi, wanaimba barabara nzima mpaka unaamka umekasirika. Walikuwa wamesimama wananyoosha viungo, kuna mzee mmoja ana sitini na kitu, mstaafu, akaniona nimeinama nimeshika magoti nahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama, umesoma shule ya msingi wapi, hapa hapa kwetu?"

Nikamwambia hapa hapa.

"Mchakamchaka mlikuwa mnakimbiaje?"

Nikamwambia tulikuwa tunaimba.

"Basi. Ukiona huwezi kuimba, hiyo spidi sio yako. Punguza."

Hakuongeza neno, akapiga filimbi wakaondoka.

Nililifikiria hilo siku nzima. Mchakamchaka jamani! Asubuhi na baridi, wengine peku wengine kandambili, wengi hatujanywa hata chai, kiranja anaita mchakamchaka sisi tunajibu chinja, tunazunguka shule na mtaa mzima tunaimba, na sikumbuki hata mtoto mmoja aliyesimama eti pumzi imekata. Wala hatukuwa wanariadha, tulikuwa tunakwenda mwendo wa wimbo tu na wimbo haukubali uende mbio kuliko pumzi yako.

Kwa hiyo wiki iliyofuata nikaanza kukimbia naimba chini chini. Na nasema ukweli, ilikuwa aibu. Polepole kiasi kwamba mama wa vitumbua mwenye ndoo kichwani alikuwa anatembea mbele yangu na sikumfikia mpaka alipokata kona. Ila nikapita nguzo ya pili, ya tatu, nikaacha kuhesabu, na simu mfukoni ikasema kilomita moja. Bila kusimama! Dakika 9 na sekunde 12. Niliegemea ukuta wa watu nikalia kidogo, mlinzi akafungua geti kuangalia kuna nini.

Hiyo ndiyo siku yangu kubwa mpaka leo. Zilizofuata zilikuja kama zinavutana. Kilomita 5 mwezi wa saba, dakika 46. Mwezi wa nane nikachukua bodaboda alfajiri hadi Coco Beach nikavuka Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi, daraja lenyewe ni kilomita moja na kidogo tu ila ule upepo wa bahari ukikupiga ubavuni utadhani kuna mtu anakuvuta tisheti, na jua linachomoza upande wa maji, wacha kabisa. Kucha ya dole gumba ikawa nyeusi ikang'oka, sina la kusema hapo isipokuwa nunueni raba zenye nafasi mbele.

Alafu ile Jumatatu ya tarehe 15 Septemba naamka simu imejaa meseji, Simbu wetu wa marathoni kachukua dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na kampita yule Mjerumani kwenye mstari kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nilikimbia asubuhi ile nina furaha ya ajabu. Nikapiga hesabu njiani: mimi nikimaliza kilomita moja yeye kashamaliza karibu tatu, na anaendelea hivyo mpaka kilomita arobaini na mbili. Mwendo wake mimi sidhani naweza hata kati ya nguzo mbili. Lakini haikuniuma, nikasema bwana mkubwa pita, mimi niko na wimbo wangu.

Kumi yenyewe ilikuja Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, nikiwa na wale wale wa jogingi maana siku hizi nina sare. Saa 1 na dakika 24. Kilomita ya nane niliishiwa kabisa, sauti imekata, najibu wimbo kwa kuchezesha midomo tu, na mzee akageuka akaniona. Hakusema kitu. Akashusha mwendo wa wimbo, kundi zima likashuka naye, watu kama thelathini, na wa nyuma wakaanza kulalamika kuna nini huko mbele.

Nimeshaulizwa sana kama naenda Kili Marathon kule Moshi mwaka huu. Sijui. Kwanza Jumamosi hii zamu ya kuita wimbo ni yangu, na kuita sio kama kuitikia, muitaji hapumziki, na sina uhakika kama sauti itafika kituo cha Bamaga.