Nani analipa nauli ya ticha?

Mimi si mwalimu wa watoto na sijawahi kutamani kuwa. Nisimamishe mbele ya watoto 50 wa miaka mitano uone jasho litakavyonitoka. Mimi nauza nafaka Mutindwa, hapa Umoja, Nairobi: mahindi, maharagwe, ndengu, kamande, njugu. Ninachojua ni kupima na kuhesabu. Ndiyo maana kanisani walipotafuta mweka hazina wa kamati ya watoto na vijana, na kila mtu akawa anaangalia viatu vyake, mama mmoja alininyooshea kidole: "Si Mama Maharagwe yuko hapa?" Nikawa mweka hazina.

Watu wa makanisa ya jirani huniuliza tunafanyaje hata shule yetu ya Jumapili haikosi walimu. Nadhani hutarajia niwaambie habari za mkesha au semina. Mkesha upo, na tunaomba. Lakini mimi huwauliza kwanza: ticha wenu hufikaje kanisani? Nauli yake inatoka wapi?

Tembelea darasa la watoto katika makanisa yetu ya Eastlands utazame wanaofundisha. Wazee wa kanisa hawapo. Akina mama wa chama wako jikoni au kwenye kwaya. Walio na watoto ni vijana wa miaka 19, 20, 23. Huyu amemaliza Form Four anangoja kuitwa chuo, yule ana diploma na hana kazi, mwingine anauza viatu vya mitumba Gikomba siku za wiki. Hao ndio tuliowakabidhi wanetu. Halafu tukikaa kupanga pesa tunaandika mafungu mawili, la watoto na la vijana, na kamati mbili zinagombania shilingi zile zile, ilhali anayeimbisha watoto saa tatu asubuhi ndiye huyo huyo atakayeketi na vijana wenzake saa nane mchana, tumbo likiwa tupu.

Tulikuwa na ticha mmoja wa darasa la wadogo kabisa, binti mpole, watoto wanamng'ang'ania sketi hata hawezi kutembea. Kwao ni Ruai. Jumapili ya kawaida alihitaji mia ya kuja na mia ya kurudi. Mvua ikinyesha, unawajua makanga wa Nairobi, nauli hupanda kabla tone la tatu halijagusa lami. Kazi hana. Kuna wakati alianza kukosa, anakuja leo, Jumapili inayofuata haonekani. Kwenye kikao mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe nikuulize. Wewe leo umekuja na gari. Kama tanki lingekuwa tupu na mfuko uwe mtupu, ungekuja na moyo?" Alicheka, akanyamaza, na jambo likapita.

Sasa nauli hutumwa kwa M-Pesa Jumamosi jioni. Nasisitiza Jumamosi. Ukisema utamrudishia mtu pesa baada ya ibada, maana yake akakope kwanza, na pengine hana wa kumkopesha. Na ukingoja aombe, hataomba. Atasema anaumwa na kichwa. Kijana wa miaka 22 kusimama mlangoni kwa mchungaji akiomba mia mbili, watu wakipita na kusalimiana, ni aibu ambayo wengi wangeikwepa kwa kutokuja kabisa.

Lipo pingamizi ambalo lilinisumbua, kwamba ukimpa pesa mtu anayemtumikia Mungu unamharibu. Aliyelileta ni mtu ninayemheshimu sana, kwa hiyo nilikwenda kusoma. Vitabu vingi vikieleza shule ya Jumapili ilivyoanza humtaja Robert Raikes, wa mji wa Gloucester huko Uingereza, mwaka 1780. Hakuwa mchungaji, alikuwa mwenye gazeti. Aliona watoto wa maskini wanaofanya kazi wiki nzima, Jumapili wanazagaa barabarani, akatafuta akina mama wa kuwafundisha kusoma, Biblia ikiwa kitabu chao. Na akina mama hao aliwalipa. Kwa hiyo walimu wake wa kwanza walipata kitu mkononi, na hatujasikia kwamba kazi iliharibika. Nilipolisema hili kikaoni, yule mheshimiwa alikuna kidevu akasema basi tuite "posho". Iite utakavyo, baba, mradi ifike kabla ya Jumapili.

Likizo ya Agosti ndiyo hunionyesha nani anaunga mkono kazi hii na nani anapiga makofi tu. Shule zikifungwa, wazazi wengi wa huku kwetu bado wanaenda kazini, na mtoto anabaki kwenye ploti na funguo shingoni. Sisi huwaita kanisani wiki nzima, asubuhi hadi alasiri, mafunzo ya Biblia na michezo, pamoja na kusaidiwa kazi za shule. Watoto kama mia hivi. Chakula cha mchana ni githeri, na hapo ndipo mimi huwa ticha. Kwa watoto mia napima gorogoro, ile mikebe yetu ya kupimia, nne za mahindi na mbili za maharagwe, naloweka usiku, na kufikia saa kumi na moja alfajiri sufuria kubwa iko motoni. Vitunguu, nyanya, karoti, na viazi kidogo wiki ikiwa nzuri. Maharagwe ni ya nyayo, maana huiva haraka. Mahindi yakiwa makavu kupita kiasi unaweka magadi, lakini kidogo sana, la sivyo ladha inapotea na watoto wanakutazama kwa macho ya lawama. Halafu utawaona wanavyokula! Kuna kikundi cha wasichana wa Gredi ya 3 wanaochambua maharagwe moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani, wanakula mahindi matupu. Nimewaambia mara nyingi kwamba maharagwe ndiyo gharama. Hawajali.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Mama, ningependa kuwasaidia watoto," simwambii alete vitabu vya kupaka rangi. Tunavyo vya kutosha, watu hupenda kununua vitabu vya kupaka rangi. Namwambia lete mafuta ya kupikia lita tano. Au njoo saa kumi na moja uninunulie usingizi wangu, upepete moto. Au osha sahani mia. Hapo ndipo wengi hukumbuka wana safari ya shags, kijijini kwao.

Sasa nije kwenye mlango, yaani nani anaingia kwa watoto na nani anawachukua. Tangu habari za Shakahola zilipotoka mwaka 2023, za wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga kula hadi kufa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kule Kilifi, watoto wengi wakiwemo, wazazi wetu walianza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wakiyauliza. Nani anakaa na mwanangu? Anamfundisha nini? Naweza kuingia nikasikiliza? Wako baadhi ya viongozi waliokasirika. Mimi nilifurahi. Mteja anayetazama mizani ndiye mteja ninayempenda.

Tuliweka utaratibu. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto chumbani, hata awe mchungaji. Mtoto akienda choo, anasindikizwa na watu wazima wawili. Kila anayefundisha, awe kijana au mzee, ana cheti cha tabia njema kutoka polisi: unaomba kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, unakwenda kupigwa alama za vidole, sisi wa huku hupenda Huduma Centre ya Makadara, halafu unasubiri. Ada yake inapita elfu moja. Kwa kijana asiye na kazi hiyo ni pesa nyingi, kwa hiyo kanisa hulipa, na hilo pia nililipigania. Huwezi kumwambia mtu athibitishe kwamba yeye si hatari na tena ajilipie. Ukutani tumebandika nambari 116, ile ya simu ya bure ya kuripoti mambo ya watoto, chini kabisa, mahali ambapo mtoto wa miaka saba anaweza kuisoma.

Na mlangoni tumemweka guka mmoja, yaani babu, mstaafu. Hajui kuimbisha, magoti yanamsumbua, na alikuwa amejiona hana kazi tena kanisani. Tulikata maboksi ya mafuta ya kupikia tukatengeneza kadi, nambari moja mara mbili, moja kwa mtoto kwenye kamba shingoni, nyingine kwa mzazi. Hakuna kadi, hakuna mtoto. Jumapili moja alikuja mjomba wa mtoto, amevaa suti safi, ana haraka, kadi hana. Guka akamwambia aketi. Mjomba akapandisha sauti, akataja cheo chake, akasema huu ni ujinga wa kishamba. Guka akavuta kiti cha pili, akakipangusa kwa leso yake, akamwonyesha tena: keti. Waliketi wawili hao kimya mpaka mama mtoto alipotoka ibadani. Kweli alikuwa mjomba. Mama mtoto hakuomba msamaha kwa niaba yake, alimpa guka mkono.

Picha nazo zilituletea ugomvi. Vijana wa mitandao walipenda kurusha picha za watoto wakila githeri, na maandishi ya kuomba michango. Nia yao nzuri. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, na zaidi ya sheria, kuna mama aliyenifuata hadi dukani akilia kwamba baba wa mtoto, waliyemkimbia, sasa anajua wako Umoja. Tangu siku hiyo tunapiga picha za sufuria.

Vijana wenyewe walibadilika baada ya Juni 2024. Nusu yao walikuwa mjini siku zile za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na walirudi kanisani na tabia ya kuuliza hesabu. Walitaka kuona pesa zao za mwaka zilitumikaje. Wazee waliona ni utovu wa adabu. Mimi nilibandika karatasi ukutani, mapato upande huu, matumizi upande ule, na risiti za sukari zikaning'inia chini. Michango yao ikaongezeka, ingawa ni sarafu. Sasa hivi kijana mmoja wa chuo ndiye anayekagua kitabu changu kila mwisho wa mwezi, na ni mkali.

Kuna jambo moja bado linanikera. Kila Desemba kanisa hukaa na wavulana wanaotahiriwa. Zamani ilikuwa rahisi, mtu akimaliza darasa la nane anaingia, lakini KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilikuwa 2023, na sasa wazazi wengine wanawaleta baada ya Gredi ya 6 na wengine baada ya Gredi ya 9. Mtoto wa miaka 12 na wa miaka 15 katika chumba kimoja, uwaambie nini wote wawili? Wanaume wetu wamewagawa makundi mawili, na kwa hilo nawapongeza. Lakini angalia pesa. Wavulana hupata wiki mbili, mbuzi, madaktari, na wazee wanaolala nao huko huko. Michango yake hujaa kabla sijatangaza mara ya pili. Wasichana wa umri ule ule hupata mazungumzo ya saa moja baada ya ibada na pakiti ya sodo. Nikiuliza, najibiwa kwamba wasichana wana mama zao. Kana kwamba wavulana waliokotwa!

Kwa hiyo nimeandika fungu jipya: wiki moja ya wasichana mwezi huo huo wa Desemba, chakula, mahali pa kulala, daktari wa kike, na nauli za wanaowafundisha. Nimepima kila kitu kwa gorogoro. Kamati ya fedha imelirudisha ikisema mwaka huu haiwezekani, labda mwaka kesho. Nimewauliza kama mbuzi naye anaweza kungoja mwaka kesho. Bado hawajajibu, na kikao kingine ni Jumamosi saa tisa. Kama unasali na sisi, njoo. Ni wazi kwa kila muumini, na viti vya nyuma huwa vitupu.