Yaya wa Viti vya Nyuma

Hakuna anayenihesabu asubuhi tena, na sikujua kwamba hilo linaweza kumchosha mtu. Jeshini siku ilikuwa na mwenyewe: unaamshwa, unapangwa mstari, unatumwa. Hapa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nimepewa ratiba na krediti 60 za kukusanya kwa mwaka, basi. Ukilala, umelala. Majuma ya mwanzo nilizunguka kampasi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Wenzangu wametoka sekondari juzi tu. Wananiita yaya, yaani mkubwa wao, na kuniachia kiti. Mimi huchukua cha nyuma, karibu na mlango; wao wanadhani ni uzee. Nikiulizwa nilikuwa wapi miaka yote hii, najibu nilikuwa kazini nje ya mji. Lubumbashi ukisema hivyo, watu wanakuweka Kolwezi, kwenye migodi, wala hawakuulizi zaidi.

Siku moja asistenti, mama mdogo kwangu kwa umri, aliandika ubaoni kisha akauliza nani hakubaliani naye. Nikatazama sakafu. Nilikotoka mimi, swali la namna hiyo ni mtego. Kijana wa mbele, kofia kichwani, akasema, “Samahani mama, tarehe si hiyo.” Nikangoja. Asistenti akageuka, akaisoma, akaifuta kwa kiganja, akaandika nyingine, akasema asante na kuendelea, chaki imemjaa vidoleni. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Mimi somo lililobaki sikulisikia.

Nasoma historia. Kikundi chetu kimepewa kazi juu ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, papa hapa kwenye kampasi. Mobutu, rais wa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili, wanafunzi wakachemka, wakawapiga wenzao waliowashuku kuwa majasusi wa serikali. Kisha wauaji wakaingia mabwenini usiku, na mashahidi wengi wamesema walikuwa makomando. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, hata mamia. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukakatika.

Mwaka ule mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Usiku ule sidaiwi. Lakini tulipokaa chini ya mti kugawana kurasa, binti mmoja, ndiye mwerevu kuliko sisi wote, alisema, “Askari ni askari tu, mpe giza na bunduki uone.” Wote wakaitikia. Sehemu ya makomando ikakosa mtu, wakanisukumia mimi: yaya ana mwandiko mzuri.

Sasa niko nayo mezani. Vitabu tulivyopata vinabishana juu ya nani aliamuru, na kweli ndilo swali zito. Ila mimi najua amri ya usiku inavyofika kwa mtu wa chini. Unaambiwa panda gari. Huambiwi unakwenda wapi, na aliye pembeni yako naye hajui, na hakuna anayeuliza. Hilo halimtakasi yeyote, maana gari hufika, na mtu hushuka akiwa na macho yake. Lakini bila hilo kazi yetu itakuwa na pengo.

Nitaliandika. Na kabla hatujasimama mbele ya darasa, nitawaambia wenzangu nimelijuaje. Binti yule atakuwa na maswali, tena si mepesi. Aulize.